Toeni Printa Kabatini

Kama umewahi kuzuru maonyesho ya vyuo vya kiufundi hapa Kenya, unajua vile huwa. Kuna hema jeupe. Kuna mwanafunzi amevaa dastikoti ya bluu iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Mezani kuna printa ya 3D, na mbele yake bakuli la vinyago vya plastiki: twiga, ramani ya Kenya ya kuning'inizia funguo, mnara wa Eiffel ulio mdogo kuliko kidole gumba. Mheshimiwa anapita, anashika twiga, anauliza, "Hii kitu imetoka kwa hii mashine?" Anaambiwa ndiyo. Anatikisa kichwa kwa mshangao, kamera zinampiga, anasonga mbele. Jumatatu inayofuata printa inarudishwa kabatini na kabati linatiwa kufuli.

Sina ugomvi na twiga. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna mtu hapo hemani aliyemuunda. Faili lilipakuliwa mtandaoni, likawekwa kwa kadi, kitufe kikabonyezwa, mashine ikajifanyia kazi saa mbili huku watu wakipiga selfi. Ukiita hayo mafunzo ya ufundi, basi mtu aliyeagiza chipsi kwa simu naye amesomea upishi. Na bado vyeti vinatolewa, ripoti zinaandikwa, na mahali fulani kwenye jedwali kuna mstari unaosema kwamba wanafunzi kadhaa wamefunzwa teknolojia ibuka.

Naandika nikiwa Malili. Kwa nyinyi mnaopita hapa na basi la Mombasa mkiwa mmelala: Malili ni kituo kidogo cha barabarani, kaunti ya Makueni, mwendo wa kilomita 60 na kitu hivi kutoka Nairobi. Malori yanasimama, tairi zinazibwa, nyama inachomwa, vumbi linaingia kila mahali. Nyuma ya maduka uwanda unaanza, na huko uwandani ndiko kuna Konza. Serikali ilinunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili mwaka 2009. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akaja kuzindua ujenzi wa mji wa teknolojia, ule tulioanza kuuita Silicon Savannah hata kabla nyasi hazijafyekwa. Leo kuna barabara za lami zenye taa, kuna kituo cha kitaifa cha data, kuna majengo ya Kenya-AIST, taasisi ya sayansi na teknolojia iliyoigwa kutoka KAIST ya Korea Kusini na kugharimiwa kwa mkopo wa huko.

Mimi niko upande huu mwingine. Kibanda cha mabati, mashine ya kulehemu, mashine ndogo ya kukereza iliyonizidi umri, na printa mbili za 3D ambazo usiku nazifunika kwa nailoni kama watoto. Nilisomea diploma ya uhandisi wa mitambo katika chuo ambacho sitakitaja, maana kilinifundisha mengine vizuri tu. Chuo kilikuwa na printa. Katika miaka mitatu niliiona ikiwaka mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na wageni.

Tulimwuliza mkufunzi mbona hatuigusi. Jibu lake nimelisikia tena na tena tangu siku hizo, kwa watu tofauti na vyuo tofauti: "Na ikiharibika, nani atalipa?"

Kwa upande wake lilikuwa swali la haki. Mashine imeandikwa kwenye rejista, ina namba ya chuma iliyobandikwa mgongoni, na yeye ndiye ametia sahihi. Ikikwama nozo, hakuna fungu la kununua nozo. Ikiisha filamenti, barua ya maombi inachukua muhula mzima. Mkufunzi mwenye akili timamu anafanya nini? Anaifungia. Anatoa slaidi, anaeleza kwa mdomo, na mtihani unauliza "Taja faida tano za uundaji kwa tabaka". Tano! Mwanafunzi anazikariri, anapata alama zake, anatoka nje bila kujua plastiki moto inanukaje.

Kwa hivyo nitasema kitu ambacho wakuu wa vyuo hawatakipenda. Printa isiyoharibika mikononi mwa wanafunzi haijafundisha mtu. Kununua printa kumi bila kutenga pesa za kuziharibu ni kununua mapambo. Na mapambo haya hulipiwa na mtu: ni kodi, ni mkopo, ni mzazi wa Mukaa au Mwingi aliyeuza mbuzi mtoto asome.

Kuna watu huongea juu ya teknolojia hii kama imeshuka jana. Chuck Hull, Mmarekani, alipata hataza ya kuunda vitu kwa kugandisha utomvu kwa mwanga mwaka 1986. Scott Crump akaja na ile njia tunayoijua wengi, ya kuyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa za viwanda vikubwa tu, kwa sababu hataza ililinda njia na bei ililinda mlango. Kilichobadilisha mambo ni Adrian Bowyer, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Bath kule Uingereza, ambaye mwaka 2005 alianza mradi wa RepRap: printa inayoweza kuchapisha vipande vingi vya printa nyingine, na michoro yake yote ikatolewa bure. Hataza ya Crump ilipoisha mwaka 2009, mlango ukafunguka. Printa ya bei nafuu iliyo kwenye meza ya chuo chako leo, hata kama imeandikwa jina gani kubavuni, ni mjukuu wa ile iliyoundwa na watu waliokuwa wakifungua, wakivunja na kutengeneza upya. Halafu sisi tunaichukua, tunaifungia kabatini. Maze!

Na si lazima tuende Bath. Mwaka 2013, kule Lomé, Togo, Afate Gnikou wa WoeLab aliunda printa ya 3D kwa takataka za kielektroniki, yaani mashine chakavu za ofisini zilizotupwa. Hapa Nairobi kampuni ya AB3D imekuwa ikiunda printa kwa kutumia sehemu za vyombo chakavu vile vile, na mwanzilishi wake, Roy Ombatti, alianza safari hiyo akiwa mwanafunzi, akitaka kuwatengenezea viatu watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza. Fikiria hilo kidogo. Swali la kwanza halikuwa "tuchapishe nini?" Lilikuwa mguu wa mtu. Kijenzi nao wakachapisha vipuri vya vifaa vya hospitali zisizoweza kusubiri kontena. Na Machi 2020, corona ilipokuwa inaua watu kaskazini mwa Italia, wahandisi wa kampuni ndogo ya Isinnova walichapisha vali za mashine za kupumulia za hospitali ya Chiari kwa sababu za kawaida zilikuwa zimeisha. Wiki chache baadaye watu wenye printa hapa Nairobi walikuwa wakitengeneza ngao za uso.

Sasa niambie, ni mwanafunzi gani wa twiga angeweza kuingia kwenye kazi hiyo siku ya kwanza?

Hapa huwa napata upinzani wa aina mbili, na inafaa nizijibu zote.

Aina ya kwanza ni wazee wa kazi. Hawa nawapenda, kwa sababu wananiletea kazi na matusi pamoja. Wanasema hizi ni doli za watoto wa mjini. Mfundishe kijana kulehemu na kupiga tupa kwanza, plastiki atajua akipenda. Mmoja aliniambia hii mambo ya kuongeza tabaka ni ya wazungu, sisi ni watu wa kuchonga.

Kuchonga, sawa. Ukambani ni nyumbani kwa uchongaji, hilo halina ubishi. Lakini hata huo uchongaji wa vinyago vya biashara una tarehe na una mtu. Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona Wazaramo wakichonga, akarudi nyumbani na ufundi huo, na kizazi kimoja baadaye Wamunyu nzima ilikuwa inakula kwa patasi. Aliuona kwa wengine, akaujaribu kwa mkono wake, akauleta. Hakuna aliyemwambia subiri hadi mtaala upitishwe.

Na kuhusu kuongeza tabaka: mzee, nenda umwangalie mama yako akisuka kyondo. Anaanza na kitako. Mzunguko mmoja wa mkonge, juu yake mwingine, juu yake mwingine. Akitaka kyondo kipanuke, anaongeza nyuzi; akitaka kifunge mdomo, anapunguza. Hachongi kitu, hatupi kitu. Anajua kabla hajaanza ukuta utasimama wapi na utalegea wapi, na akikosea mzunguko wa tano hasubiri hadi wa hamsini ndio ajue. Mfinyanzi wa chungu pia hufanya vivyo hivyo, kamba ya udongo juu ya kamba ya udongo. Ukimkalisha mama wa kyondo mbele ya printa, atakuwa na maswali ya maana kuliko ya mheshimiwa. (Nimejaribu. Aliuliza kwa nini mashine haianzi na fundo. Ilibidi nifikirie.)

Ila kwenye jambo moja wazee wako sahihi kabisa, na hapa nawageukia wenzangu vijana. Printa haimpi mtu ufundi asiokuwa nao. Kijana asiyejua kutumia venia, asiyejua tofauti kati ya shimo la milimita 8 na shimo la kupitisha boliti ya milimita 8, atachapisha makosa yake kwa uzuri sana, yakiwa na rangi ya machungwa. Tupa na venia zibaki. Nataka tu printa isimame kando yake kwenye meza ile ile, siku ile ile, isiwe chumba cha wageni.

Acha nieleze kazi moja kwa urefu, kwa sababu ndani yake kuna mtaala wote ninaoutaka.

Mama mmoja kutoka upande wa Kilome alikuja na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa. Makueni ni nchi ya maembe na ndengu, na pampu hizi ziko kila boma. Kilichovunjika kilikuwa kipande kidogo cha plastiki kinachoushikilia ule mkono wa kupampu kwenye tangi. Kipande chenyewe hakizidi kiganja. Dukani hakiuzwi, unauziwa pampu nzima. Na pampu bila hicho kipande ni ndoo yenye kamba.

Nilikuwa na msichana wa atachimenti wakati huo, mwaka wa pili. Nikampa kazi. Akachukua mabaki, akayapanga kama mtu anayeunganisha sahani iliyoanguka, akapima kwa venia, akachora kwenye kompyuta. Siku ya kwanza alichapisha kikiwa kimesimama wima, kwa sababu ndivyo kilivyokaa vizuri kwenye skrini. Tabaka za milimita 0.2, kipande cha sentimita tano, yaani tabaka 250 zimelaliana. Kikatoka kizuri. Akakifunga, akapampu mara nane, kikakatika pah! kwenye mstari ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Kilikatika kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo plastiki imegusana tu bila kushikana vya kutosha.

Sikumwambia kitu. Alikaa na vile vipande viwili karibu nusu saa. Halafu akasema, "Ni kama kuni. Nimepasua kwa njia ya nyuzi." Akakilaza kwenye programu ili nyuzi zipite upande ambao mkono unavuta, akachapisha tena.

Cha pili hakikukatika. Mwenye pampu akakichukua, akaenda nacho, na baada ya siku nne akarudi akiwa hajafurahi. Pampu ilikuwa imeachwa nyuma ya pikapu jua la saa saba. Kipande kilikuwa kimepinda kama ndizi. Ile plastiki ya kawaida ya kujifunzia, PLA, hutengenezwa kwa wanga au sukari ya mimea kama mahindi au miwa. Ni rahisi, hainuki vibaya, haisumbui. Lakini huanza kulegea kwenye joto la karibu nyuzi 60, na nyuma ya pikapu Makueni mwezi wa pili si mahali pa kitu kinacholegea kwa nyuzi 60. Hakuna slaidi iliyomfundisha hivyo. Alifundishwa na mama mwenye hasira.

Cha tatu kilichapishwa kwa PETG, ambayo ni ndugu ya plastiki ya chupa za maji na huvumilia joto zaidi. Shimo akalipanua milimita 0.3 kwa sababu mashimo ya printa hutoka yakiwa yamebana. Kona ya ndani, pale ambapo cha kwanza kilianza kupasuka, akaiviringa badala ya kuiacha kali. Kikapimwa uzito: gramu 41. Kwa kilo moja ya filamenti unapata vipande 24. Mama alipokuja akakishika, akakigeuza, akamwuliza, "Mwiitu wakwa, hiki kitashika?" Msichana akajibu, "Mwaitu, nenda ukaivunje. Ikivunjika nitajua kwa nini." Haikuvunjika. Majirani zake sita wamekuja na pampu za aina hiyo hiyo.

Huo ndio uundaji wa haraka wa sampuli, kama lugha ya silabasi inavyouita. Haraka haimaanishi mashine inakimbia. Printa ni mojawapo ya mashine za polepole kuliko zote karakanani kwangu. Haraka ni kwamba ulikosea Jumatatu, ukajua Jumatatu hiyo hiyo, na Jumanne ukawa na jibu lingine mkononi. Zamani kosa kama hilo lingehitaji ukungu wa chuma wa kumwagia plastiki, na ukungu kama huo ni ghali kiasi kwamba hakuna anayeutengenezea pampu saba za Kilome.

Aina ya pili ya wapinzani ni mabosi wa mipango. Hawa hawapingi, ndio shida yao. Wanakubali kila kitu. Ukisema printa wanasema ndiyo, roboti ndiyo, akili unde ndiyo. Wanachopenda ni kununua. Tumeshaona sinema hii. Serikali ilikopa China, na kampuni ya AVIC ikaleta mashine za karakana katika taasisi zaidi ya 100 za kiufundi nchini. Mashine nzuri. Pale ambapo zilipewa kazi, vijana waling'ara: kwenye mashindano ya Africa Tech Challenge yaliyoanza 2014, wanafunzi walikereza vipuri kwa vipimo vinavyokubalika kiwandani. Pale ambapo hazikupewa kazi, nenda ukajionee mwenyewe uone ni nini kimefunikwa na turubai.

Ukitaka sinema ya zamani zaidi, kuna Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama halitapendeza. Wahandisi wakaunda. Mwaka 1990 likazinduliwa Kasarani kwa shangwe, na magari matano yalikuwa yametengenezwa. Hakuna Mkenya aliyewahi kulinunua dukani. Pesa za kuendelea hazikupatikana, na shirika lililoundwa kwa ajili yake baadaye likageuka kuwa Numerical Machining Complex. Siwacheki wale wahandisi hata kidogo. Kuunda gari kutoka mwanzo ni kazi ya kuvuliwa kofia. Nasema tu kwamba sampuli ya kwanza ikishapelekwa uwanjani mbele ya rais, inaacha kuwa swali. Haiwezi tena kuvunjika hadharani. Na sampuli isiyoruhusiwa kuvunjika haikuambii cha kurekebisha kwenye ya pili.

Nina hofu Konza ikaenda njia hiyo kwa umeme mzuri zaidi. Watu wa shahada za juu watakuja, maabara zitafunguliwa, mashine za kuchapisha chuma kwa miale ya leza zitaletwa, na mimi nitashangilia kama wengine. Lakini nani atazihudumia? Hizo mashine hazihitaji madaktari wa falsafa kumi na fundi mmoja. Zinahitaji kinyume. Kule Kilifi, kwenye mradi wa nyumba 52 wa Mvule Gardens, kampuni ya 14Trees ilichapisha kuta za nyumba kwa mchanganyiko wa saruji. Mtu alisimama pale akiangalia kama uji wa saruji ni mzito sana au mwepesi sana, pua ikiziba anaisafisha, ukuta ukianza kutepeta anasimamisha mashine. Huyo ni fundi. Mafunzo yake ni ya mkono, jicho na sikio, na huwezi kumpa kwa wiki mbili za semina hotelini.

Halafu kuna kazi ambayo hakuna anayeitaja kwenye mikutano, na kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na mkate. Mafundi wa jua kali wanayeyusha alumini chakavu na kuimwaga kwenye mchanga kila siku: sufuria, poli za mashine za kusaga, vifuniko vya pampu. Ili umwage, unahitaji kiolezo, na kiolezo cha mbao huchongwa siku mbili tatu na mtu anayejua. Kiolezo hicho unaweza kukichapisha usiku kucha ukiwa umelala. Ila lazima ujue kwamba alumini ikipoa hunywea, kama asilimia 1.3 hivi, kwa hivyo ukitaka poli ya milimita 100 kiolezo chako kiwe milimita 101.3, na kiwe kimeinama kidogo pembeni ili kitoke mchangani bila kubomoa ukuta. Mzee wa kumwaga alumini anajua hayo yote kichwani bila kuyaita asilimia. Kijana wa printa anajua kuyaandika kwenye mchoro. Mkiwaweka meza moja kwa mwezi mmoja, hao wawili watatoa vitu ambavyo Malili haijawahi kutengeneza. Plastiki kwenye jua inalegea, sawa. Alumini haijui jua ni nini.

Kwa hivyo tufanye nini? Sitaki tume, na sitaki warsha yenye chai ya saa nne.

Funguo za kabati ziwe kwa wanafunzi. Kuwe na daftari la zamu, na aliyeziba nozo ndiye anaizibua, akifundishwa. Kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi iwe kuifungua printa hadi parafujo ya mwisho na kuirudisha ikifanya kazi. Ya pili, kuchapisha kipuri cha printa hiyo hiyo. Faili la kupakuliwa lisihesabiwe kwenye alama hata moja. Mwanafunzi alete kitu kilichovunjika kutoka kwao, kijijini au mtaani, na alama zake zitoke kwa mwenye kitu baada ya mwezi wa kukitumia. Najua mfumo wa umilisi tayari unadai ushahidi wa kazi kwenye faili. Nimeyaona mafaili hayo. Mengine yanafanana hadi makosa ya tahajia, maana yametoka kwa fotokopi moja. Pampu ya mama wa Kilome haifotokopiki.

Na vipande vilivyoharibika visitupwe. Hapa kwangu vinaning'inia kwenye waya ukutani, kila kimoja na karatasi yake: kilikatika wapi, siku gani, kwa nini. Ni ukuta usiopendeza. Wanafunzi wanaokuja huenda huko kwanza, kabla ya kuangalia printa.

Kwa wakuu wa vyuo: kila mnaponunua printa, andikeni kwenye bajeti hiyo hiyo filamenti, nozo, mikanda na betri ya kuhimili stima ikipotea, kwa sababu itapotea, na itapotea saa ya nane ya kazi ya saa tisa. Kama hakuna pesa za hivyo vitu, nunueni printa nusu ya idadi. Mkufunzi aliyetia sahihi kwenye rejista apewe barua inayosema mashine iliyochakaa kwa kufundishia haitakatwa kwenye mshahara wake. Barua moja tu. Nina hakika itafungua makabati mengi kuliko semina zote za mwaka.

Kwa wenye Konza: geti lenu liko karibu nasi kiasi kwamba walinzi wenu hula chakula cha mchana huku kwetu. Tengeni chumba kimoja upande wa barabara, chenye mlango usiohitaji kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, ambapo fundi wa pikipiki anaingia na mafuta mikononi, anakaa na mwanafunzi, wanapima. Mkiweza kupoza chumba cha seva usiku na mchana, chumba hicho hakiwezi kuwashinda.

Na kwako msomaji wa Nairobi uliye mwaka wa kwanza au wa pili, chuo chako kina printa mahali. Uliza iko wapi. Uliza nani ana ufunguo. Andika jina lako kwenye daftari la zamu, na kama hakuna daftari, nunua la shilingi hamsini ulianzishe wewe. Wanafunzi wapya huingia Januari, Mei na Septemba; mwezi wowote kati ya hiyo unatosha.